Hardwick Hall: Nyumba Iliyomngojea Malkia

Wanafunzi wenzangu wa zamani, sisi tuliofanya mtihani wa Cambridge tulilazimika kuwajua wafalme wa Uingereza kuliko tulivyowajua majirani zetu. Wake sita wa Henry VIII tuliwakariri kwa mpangilio wao, nani aliachwa na nani alikatwa kichwa, na merikebu za Wahispania za mwaka 1588 tulizizamisha kila muhula. Lakini sikumbuki kwamba tulipata kuulizwa hata mara moja watu wale walikaa katika nyumba za namna gani, wala nani alizijenga na kwa fedha gani. Mimi umri wangu wote wa kazi nimeumaliza katika kuchora ramani za majengo. Kwa hiyo mhariri aliponitaka niandike jambo la historia kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu, nilimjibu kwamba nitaandika juu ya nyumba moja tu, ambayo nilipata kuizunguka kwa miguu na daftari mkononi nilipokuwa masomoni Uingereza. Nyumba hiyo ni Hardwick Hall, iliyoko katika jimbo la Derbyshire.

Mtu aendaye kaskazini kutoka London kwa barabara kuu ya M1 huiona kutoka mbali, imesimama peke yake juu ya kilima. Haikujificha hata kidogo. Umbo lake ni la mstatili mrefu wa mawe, orofa tatu, na minara sita iliyochomoza kandokando: miwili kila upande mrefu na mmoja kila upande mfupi. Minara hiyo hupanda orofa moja zaidi kuliko paa. Ukiizunguka nyumba, minara hukusanyika na kuachana mbele ya macho yako, mara huona miwili, mara minne, mara yote sita, hata ukadhani nyumba yenyewe ndiyo inayogeuka. Na juu kabisa ya kila mnara, mahali ambapo wengine wangeweka ukingo wa kawaida wa paa, kumesimamishwa herufi kubwa za mawe, E na S, chini ya taji, zinazoonekana hewani kwa wapitao bondeni. Ni Elizabeth Shrewsbury. Mwenye nyumba aliandika jina lake angani.

Mwenye nyumba huyo alikuwa mwanamke, na ndiyo sababu ya kwanza iliyonifanya niipende habari hii.

Alizaliwa papo hapo Hardwick yapata mwaka 1527, katika familia ya mabwana wadogo wa shamba ambao mali yao ilikuwa jina zaidi kuliko fedha. Baba yake alikufa angali mtoto mchanga. Watu wamezoea kumwita Bess wa Hardwick, nami nitamwita Bibi Bess, maana tukiyafuata majina ya waume zake tutapotea njiani. Aliolewa mara nne, na kila mume alikuwa na cheo au mali kumpita aliyemtangulia. Wa kwanza alifariki wangali vijana. Wa pili, Sir William Cavendish, alizaa naye watoto wanane, na kwa shauri la Bibi Bess walinunua shamba la Chatsworth mwaka 1549, katika jimbo lile lile alilozaliwa. Wa tatu alikuwa Sir William St Loe. Wa nne alikuwa George Talbot, Earl wa Shrewsbury, mmoja wa makabaila wakubwa na matajiri wa nchi nzima. Kwa ndoa hiyo binti wa bwana mdogo wa shamba akawa Bibi Mkubwa wa Shrewsbury, na ndiyo asili ya ile S.

Ndoa hiyo ilivunjika. Tangu mwaka 1569 Malkia Elizabeth alimkabidhi Earl kazi ya kumlinda Mary, Malkia wa Waskoti, aliyekuwa mfungwa, na kazi hiyo ilidumu miaka 15. Gharama zilimla mzee, hofu ikamla, na ugomvi wa mali kati yake na mkewe ukawa mkubwa hata Malkia mwenyewe akalazimika kuingilia kati. Mwaka 1584 Bibi Bess alilazimika kuiacha Chatsworth, nyumba aliyoijenga kwa miaka zaidi ya 30, akarudi Hardwick. Alikwisha kulinunua shamba hilo la baba yake mwaka 1583, baada ya kaka yake kufa gerezani London kwa sababu ya madeni. Umri wake ulikuwa kama miaka 57. Wenzangu wengi mnajua umri huo unavyokuwa: ndipo watu huanza kukuuliza utastaafu lini.

Yeye alianza kujenga. Kwanza aliipanua nyumba ya zamani ya baba yake, na leo magofu yake bado yapo. Huitwa Hardwick Old Hall. Huyu mwanamke alikuwa akiongeza chumba hapa na bawa pale bila ramani moja kamili, kama wengi wetu tunavyojenga kwetu fedha zinapopatikana. Kabla hajamaliza, mwishoni mwa mwaka 1590, akachimba msingi wa nyumba nyingine mpya hatua chache tu kutoka ile ya kwanza. Katika Novemba ya mwaka huo huo Earl alifariki, na mjane wake akawa mmojawapo wa wanawake matajiri kabisa katika Uingereza. Sasa hakuwa tena na sababu ya kuongeza bawa hapa na pale. Nyumba mpya ilikuwa na ramani moja tangu msingi hadi kipaa. Aliihamia Oktoba 1597, alipokaribia miaka 70.

Ramani hiyo husemwa kuwa ya Robert Smythson, mwashi aliyepanda hata akawa msanifu. Alikuwa amefanya kazi Longleat tangu 1568 na Wollaton karibu na Nottingham katika miaka ya 1580, na kaburi lake katika kanisa la Wollaton, alikozikwa mwaka 1614, linamtaja kuwa msanifu na mpima. Katika michoro yake iliyohifadhiwa mmo ramani inayofanana mno na ya Hardwick, na atazamaye kazi zake nyingine hawezi kuukosa mkono wake. Nami nakubali. Lakini siwapendi waandishi wanaompa Smythson sifa yote, kana kwamba mwenye nyumba alikaa tu akingoja ufunguo. Daftari za hesabu za ujenzi zingalipo, na zimetiwa sahihi na Bibi Bess mwenyewe. Mawe yalichimbwa katika ardhi yake chini ya kilima kile kile. Vioo vilitoka katika kiwanda chake, risasi ya paa katika shughuli zake, mbao katika misitu yake. Waashi akina John na Christopher Rhodes walichonga mawe, Thomas Accres akachonga marumaru na alabasta, Abraham Smith akafanya sanamu za lipu. Walikuwa mafundi wake waliojulikana kwa majina, walilipwa naye, na baadhi yao walikuwa wamemfanyia kazi tangu Chatsworth. Msanifu hutoa umbo. Lakini mwenye kujua lori ngapi za mawe zimeletwa juma hili (siku zile mikokoteni) ndiye anayeifikisha nyumba kwenye paa. Wenzangu wa ukandarasi watanielewa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, nalo ni madirisha. Ukisimama mbele ya Hardwick utaona kwanza kwamba ukuta karibu haupo. Katika enzi ile kioo kilikuwa kitu cha ghali. Watu wa kawaida wa Uingereza walikaa katika nyumba zenye madirisha madogo yenye vibao tu vya kufungia. Mtu aliyezungushia nyumba yake vioo alikuwa akitangaza mali yake kwa kila mpita njia, hasa jua la jioni linapopiga upande wa magharibi na kilima kizima kikawa kama kinawaka moto.

Lakini tazama tena, safari hii kwa jicho la fundi. Madirisha ya orofa ya chini ni mafupi. Ya orofa ya kati ni marefu zaidi. Ya orofa ya juu ni marefu kupita yote. Huu ni utaratibu wa kinyume. Katika majumba makubwa mengi ya Kiingereza yaliyojengwa baadaye, vyumba vya fahari viko orofa ya kati au karibu na ardhi, na juu, chini ya paa, ni vidirisha vidogo wanakolala watumishi. Hardwick heshima hupanda pamoja na ngazi. Chini ni jikoni, maghala na kazi. Katikati ni vyumba vya Bibi Bess mwenyewe, alimolala, alimohesabu fedha zake na kukaa na jamaa zake. Juu ni vyumba vya serikali, kwa kupokea watu wa daraja la kifalme. Basi kabla hujabisha hodi, nyumba imekwisha kukueleza kwa nje nani anakaa wapi na nani ni mkubwa kuliko nani. Mimi sijui jengo jingine linalosema wazi namna hiyo.

Ukiingia, unajikuta katika bwalo. Nalo lina habari yake. Tangu zamani bwalo la nyumba ya bwana wa Kiingereza lililala kwa urefu wa nyumba. Uliingia kwa pembeni, nyuma ya kiambaza cha mbao, ndipo ukageuka na kumwona bwana kwa mbali amekaa kwenye jukwaa lake, na watu wake wote wamekula pamoja naye. Hardwick bwalo limegeuzwa likakata nyumba katikati. Unaingia mlangoni na kwenda moja kwa moja mbele. Jambo hili huonekana dogo katika karatasi, walakini ndilo lililoiwezesha nyumba kuwa sawasawa kulia na kushoto, na tena linaonyesha desturi iliyokuwa ikifa. Bwana hakuwa akila tena na watu wake. Bwalo lilikuwa limeachiwa watumishi, na wakubwa walikuwa wamehamia juu.

Kutoka hapo huanza ngazi ya mawe, nayo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Haipandi kwa haraka kama ngazi za ofisini. Ni pana, ya mteremko mdogo, huenda, hugeuka, hupita mlangoni, huingia gizani kidogo, hutokea penye mwanga, hata mwisho huingia ndani ya mnara na kukufikisha juu. Sasa fikirini chakula cha karamu. Jikoni iko chini upande wa kaskazini, na meza ya wageni wakubwa iko orofa ya juu kabisa. Kila sahani ilipaswa kubebwa bwaloni, watu wasimame kwa heshima, kisha ngazi yote hiyo ipandwe kwa maandamano. Mtu akisema ni ubovu wa ramani, kwamba chakula kilifika kimepoa, namjibu kwamba kilipoa kweli; lakini ngazi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya maandamano, na supu ilikuja baadaye.

Mwisho wa ngazi ni ule ukumbi waliouita High Great Chamber. Sehemu ya chini ya kuta zake imefunikwa na vitambaa vizito vya kufuma, vyenye hadithi ya Ulysses, ambavyo Bibi Bess alivinunua mwaka 1587, kabla ya kuchimba msingi. Kwa maneno mengine, ukumbi ulipimwa ili ukifae kitambaa. Juu ya vitambaa huzunguka mkanda mpana wa lipu iliyochongwa na kupakwa rangi, kazi ya Abraham Smith na wenzake: msitu mzima, na ndani yake Diana mwanamwali mwindaji na watumishi wake, na wanyama wengi. Diana, mwanamke asiyeolewa, alikuwa njia ya kistaarabu ya kumsifu Malkia Elizabeth, na nembo ya kifalme imo humo humo ukutani. Maana yake ni dhahiri. Ukumbi ulikuwa ukimngojea Malkia.

Hakuja. Hakupata kuikanyaga Hardwick mpaka alipofariki mwaka 1603.

Nyuma ya ukumbi huo ni ule ujia mrefu wa kutembea siku za mvua na baridi, karibu futi 160 kutoka mwisho hadi mwisho, wenye meko mawili ambayo juu yake Accres alichonga Haki na Huruma katika alabasta. Kuta zake zimefunikwa na vitambaa 13 vya hadithi ya Gideoni wa Biblia, kila kimoja kirefu kwenda juu kama mita 6. Hivi Bibi Bess alivinunua mwaka 1592 kutoka kwa mrithi wa Sir Christopher Hatton, waziri mkubwa wa Malkia, aliyekufa katika madeni. Naye Hatton alikuwa amejenga nyumba kubwa mno huko Holdenby kwa tumaini lile lile la kumkaribisha Malkia. Bei ilikuwa zaidi ya paundi 326, na Bibi Bess akadai apunguziwe paundi 5, kwa kuwa itampasa kulipa fundi wa kuifunika nembo ya Hatton na kupaka yake. Akapunguziwa. Tena nembo ya Hatton ilikuwa na paa jike, na ya Cavendish paa dume. Basi wale majike wakaongezewa pembe, kazi ikaisha.

Nirudi kidogo kwenye ufundi, maana najua kuna atakayeuliza: ikiwa ukuta wote ni vioo, kinachobeba nyumba ni nini? Jibu liko ndani. Katikati ya nyumba, kwa urefu wake, hupita ukuta mnene kama uti wa mgongo, na huo ndio unaobeba uzito mkubwa pamoja na dohani nyingi. Kwa kuwa dohani zimepelekwa katikati, kuta za nje zimeachiwa madirisha. Na ile minara sita si pambo tu; husaidia kuzishika kuta kama vile mtu anavyozuia meza kwa viwiko. Lakini hapo pia pana ujanja. Ili nje pawe sawasawa, yapo madirisha ambayo nyuma ya kioo hakuna chumba ila dohani, na mengine marefu ambayo ndani yake vimo vyumba viwili vifupi, kimoja juu ya kingine. Nje ni orofa moja ya fahari, ndani ni vichumba vya kubanana. Walimu wetu wa ufundi walitufundisha kwamba nje ya jengo haipaswi kudanganya juu ya ndani yake. Bibi Bess hakusoma kwao. Wala sitaki kuficha kwamba nyumba hii ilikuwa ya baridi kali. Vioo vile havizuii upepo wa kilimani, na moto wa kuni katika ukumbi mrefu namna ile humpasha joto aliye karibu tu.

Kwa nini basi mjane wa miaka 60 na zaidi ajenge vyumba vya kifalme mahali pa upweke? Wengine husema ni majivuno. Mimi naona jibu liko kwa mjukuu. Mwaka 1574 Bibi Bess alimwoza binti yake kwa Charles Stuart, mtu wa damu ya kifalme, na Malkia alikasirika sana aliposikia. Mwaka uliofuata alizaliwa mtoto wa kike, Arbella. Wazazi wake wote wawili wakafa mapema, na tangu 1582 mtoto huyo alikuwa yatima mkononi mwa bibi yake. Elizabeth hakuwa na mtoto. Arbella alikuwa miongoni mwa wachache walioweza kumrithi. Tazameni sasa ile orofa ya juu na madirisha yake: hiyo ni nyumba ya mwanamke aliyefikiri kwamba huenda siku moja atakuwa nyanya wa Malkia.

Arbella mwenyewe aliiona kama gereza. Alikuzwa kwa ulinzi, na alipokuwa mtu mzima wa miaka 27 bado alikuwa chini ya macho ya bibi yake. Mwishoni mwa mwaka 1602 alituma mjumbe kwa siri kutafuta ndoa na kijana wa ukoo mwingine wenye damu ya kifalme. Siri ikafichuka, wapelelezi wa serikali wakafika Hardwick, na bibi na mjukuu wakachukiana kabisa. Machi 1603 Malkia alifariki, na taji likaenda kwa James wa Scotland. Arbella baadaye aliolewa bila ruhusa ya mfalme, akajaribu kutoroka kwa bahari, akakamatwa, na kufa kifungoni katika Mnara wa London mwaka 1615. Bibi Bess alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1608.

Kilichoiokoa nyumba baada ya hapo ni kwamba warithi wake hawakuihitaji. Mwana wa pili wa Bibi Bess, William Cavendish, ndiye aliyeirithi, na wazao wake wakawa maduke wa Devonshire. Lakini wao waliipenda Chatsworth, wakaibomoa ile aliyoijenga mama yao na kuijenga upya kwa mtindo wa kisasa kuanzia mwaka 1687. Hardwick ikabaki nyumba ya pili, ya kupeleka samani zilizopitwa na wakati. Hakuna aliyeona faida ya kubadili madirisha wala kuvunja ngazi. Bibi Bess aliacha orodha ya vitu vya nyumba ya mwaka 1601, na baadhi ya vitu vilivyotajwa humo vingalimo mpaka leo. Duke wa kumi alipofariki mwaka 1950, kodi ya urithi ilikuwa kubwa mno, na familia ikaitoa Hardwick kwa serikali mwaka 1956 kuwa sehemu ya malipo. Mwaka 1959 ikakabidhiwa shirika la National Trust. Wajukuu zenu yamkini wameiona bila kuijua, maana sura yake ya nje ilitumika katika sinema za Harry Potter kuwa nyumba ya wale watu wabaya, akina Malfoy.

Vile vitambaa 13 vya Gideoni vilikuwa vimejaa masizi na kuchakaa. National Trust ilivishusha kimoja kimoja, kikaoshwa, kikashonwa uzi kwa uzi na mafundi, na kurudishwa mahali pake. Kazi hiyo ilichukua miaka 24, ikamalizika mwaka 2023. Wale paa wa Hatton bado wana pembe zao.